MBEGU INA SIKU YAKE

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi. Kiko upande wa kusini wa Ziwa Eduardo, katika wilaya ya Rutshuru. Asubuhi mitumbwi inarudi kutoka ziwani. Wanawake wanangoja ufukoni na mabeseni yao. Marabu na mwari wanangoja pia, maana nao wanataka kula. Viboko wanapiga mbizi karibu na majani.

Watoto wa Vitshumbi wanajua samaki. Wanamjua tilapia, wanamjua kambale, wanajua kuziba wavu uliotoboka. Lakini mtu akiwauliza maharagi hupandwa mwezi gani, wengi wanatazamana tu. Hawana kosa. Kijiji chao kiko ndani ya Parki ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925, na sheria ya parki inakataza kulima humo. Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge vimekubaliwa kwa ajili ya uvuvi, si kwa ajili ya mashamba. Nyuma ya nyumba za Vitshumbi hakuna shamba la mahindi. Kuna nyika, na katika nyika kuna nyama wa porini.

Hata hivyo kila siku watoto wa Vitshumbi wanakula matunda ya shamba. Maharagi, unga wa muhogo, ndizi na viazi vinatoka mbali: Kiwanja, Kanyabayonga, Kirumba. Vinashuka kutoka milimani, na samaki wa chumvi na samaki wa moshi wanapanda kwenda milimani. Samaki na maharagi ni kama ndugu wawili wanaotembeleana. Mmoja akiugua, mwenzake hasafiri.

Mwaka ambao mavuno ya milimani ni mabaya, bei ya beseni la maharagi inapanda sokoni. Hapo mvuvi anatoa samaki wengi kwa chakula kile kile. Na samaki wenyewe wa ziwa wamepungua, kwa sababu ya nyavu zenye macho madogo na watu wanaovua mahali samaki wanapozalia. Kwa hiyo ni vizuri mtoto wa mvuvi ajue kazi ya mkulima. Somo hili linaeleza jambo moja tu la kazi hiyo, lakini ni jambo kubwa: siku ya kupanda mbegu. Mfano wake ni mmea mmoja mzuri, alizeti, ambao watu wengine wa Kongo wanauita turnesoli.

1. Mvua mbili za mwaka

Mstari wa ikweta unapita karibu sana na Vitshumbi, upande wa kaskazini. Kwa sababu hiyo mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima: saa kumi na mbili za mchana, saa kumi na mbili za usiku. Jua halikosekani. Kinachobadilika ni mvua.

Mara mbili kwa mwaka jua linasimama juu kabisa ya ikweta: karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu, na karibu na tarehe 23 ya mwezi wa tisa. Nyakati hizo nchi inapata joto sana. Hewa yenye mvuke inapanda juu, inapoa, inakuwa mawingu, na mawingu yanaleta mvua. Ndiyo sababu Kivu ya Kaskazini ina majira mawili ya mvua. Ya kwanza ni ya mwezi wa tatu, wa nne na wa tano. Ya pili inaanza katika mwezi wa nane au wa tisa, nayo inaendelea mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Katikati kuna kiangazi kifupi, mwezi wa kwanza na wa pili, na kiangazi kirefu, mwezi wa sita na wa saba.

Basi mkulima wa Rutshuru ana milango miwili ya kupanda kila mwaka. Mlango mmoja unafunguliwa mwisho wa mwezi wa pili na katika mwezi wa tatu. Mlango wa pili unafunguliwa karibu na mwezi wa tisa. Kila mlango unakaa wazi kwa siku chache, kisha unafungwa. Mwenye kuchelewa anabaki nje na mbegu zake mkononi.

2. Alizeti ni mmea wa namna gani?

Alizeti ilitoka Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa nchi ile waliilima maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Katika karne ya 16 Wahispania waliipeleka Ulaya. Huko watu waliipanda kwanza kwa ajili ya uzuri wa maua yake, na baadaye wakajifunza kukamua mafuta katika mbegu zake. Sasa imeenea ulimwenguni kote. Katika Afrika ya Mashariki inalimwa sana Singida na Dodoma, katika Tanzania, na katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Katika Kivu watu wengi hutumia mafuta ya mawese, lakini alizeti inaweza kustawi pia.

Shina la alizeti ni refu kama mtu, tena wakati mwingine linampita. Mizizi yake inashuka chini sana, hata mita mbili katika udongo laini. Kwa hiyo inavumilia ukavu kuliko mahindi. Juu ya shina kuna kichwa kikubwa cha manjano. Mtu akikitazama kwa mbali anasema, «Ni ua moja.» Sivyo. Kichwa hicho ni mkusanyiko wa maua madogo sana, mara nyingi zaidi ya 1,000, yaliyopangwa kwa mizunguko. Karibu kila ua dogo linaweza kutoa mbegu moja. Maua ya ukingoni yanafunguka kwanza, ya katikati yanafuata siku kwa siku.

Kichwa kichanga kinafuata jua. Asubuhi kinatazama mashariki, jioni kinatazama magharibi, na usiku kinarudi mashariki. Kikisha kukomaa kinaacha kugeuka, kinabaki kutazama mashariki. Wataalamu wa Marekani walipima jambo hilo, na mwaka 2016 walieleza faida yake: ua linalotazama mashariki linapata joto mapema asubuhi, na nyuki wanalipenda. Nyuki akitoka ua moja kwenda lingine anabeba chavua. Pasipo nyuki mbegu nyingi zingekuwa tupu.

Tangu kupandwa mpaka kuvunwa alizeti inahitaji miezi mitatu au minne, kwa kadiri ya aina ya mbegu na ya joto la nchi. Katika somo hili tutumie mbegu ya siku 110. Maisha yake ni haya:

Siku ya 1: mbegu inaingia katika udongo.
Karibu na siku ya 10: majani mawili ya kwanza yanaonekana.
Karibu na siku ya 65: kichwa kinafungua maua.
Siku ya 110: mgongo wa kichwa umekuwa wa manjano na kahawia, mbegu zimekomaa.

Katika maisha hayo kuna nyakati tatu za kuangalia. Mbegu inapoota inataka udongo wenye maji. Maua yanapofunguka, na majuma matatu hivi kabla na baada ya hapo, mmea unataka maji kuliko wakati wowote mwingine, kwa maana ndipo unapojaza mbegu. Lakini mbegu zinapokomaa, mmea hautaki maji tena. Unataka jua.

Kanuni yote ni hii: siku ya ua pawe na maji, siku ya kuvuna pawe na jua.

3. Wakulima watatu

Fikirini wakulima watatu walio jirani, katika mahali penye majira kama ya Rutshuru. Mashamba yao yanalingana. Udongo ni mmoja. Mbegu walinunua katika gunia moja. Kitu kimoja tu hakilingani: siku ya kupanda.

Mkulima wa kwanza alikuwa mtu wa haraka. Katika mwezi wa kwanza mvua moja ilinyesha usiku. Asubuhi alisema, «Mvua imekuja, nitawatangulia wote.» Akapanda tarehe 20 ya mwezi wa kwanza. Lakini ile ilikuwa mvua ya kudanganya. Baada yake jua liliwaka majuma mawili. Mbegu nyingine zilikufa katika udongo, nyingine zilichimbuliwa na ndege. Zilizobaki zilikua, zikatoa maua tarehe 26 ya mwezi wa tatu, wakati wa mvua. Mvua inaponyesha mchana, nyuki wanakaa mzingani. Kisha mbegu zikakomaa tarehe 10 ya mwezi wa tano, na mvua bado inanyesha. Vichwa vilikuwa vimeinama, na maji yakakaa juu ya migongo yake kama katika sahani. Ukungu ukaingia, vichwa vikaoza. Mkulima alivuna, lakini alitupa sehemu kubwa ya mavuno yake. Wahenga walisema: Haraka haraka haina baraka.

Mkulima wa pili alitayarisha shamba wakati wa kiangazi. Mbegu zake zilikuwa tayari katika kibuyu. Mvua ya kwanza iliponyesha hakupanda. Alingoja mvua zishike. Alipanda tarehe 15 ya mwezi wa tatu. Hesabu ya siku ni rahisi. Kutoka tarehe 15 mpaka mwisho wa mwezi wa tatu ni siku 16. Mwezi wa nne ni siku 30, jumla 46. Zinabaki siku 19 ili kufika 65. Kwa hiyo maua yalifunguka tarehe 19 ya mwezi wa tano. Udongo ulikuwa bado na maji mengi, na asubuhi zilikuwa na jua la kutosha kwa nyuki. Mbegu zilijaa. Tarehe 3 ya mwezi wa saba zilikuwa zimekomaa, na kiangazi kilikuwa kimefika. Mkulima alikata vichwa, akavianika, akavipiga kwa fimbo, akapepeta. Mbegu zilikuwa kavu na nzito.

Mkulima wa tatu hakuwa mvivu. Lakini kila siku alipata neno jingine la kufanya kwanza. Mara jembe limevunjika, mara kuna karamu ya ndugu, mara anasema, «Mvua bado ni nyingi, hakuna haraka.» Alipanda tarehe 1 ya mwezi wa tano. Alizeti yake iliota vizuri sana, kwa maana udongo ulikuwa umelowa. Alifurahi, akasema, «Mnaona? Hata mimi nimefaulu.» Lakini maua yalifunguka tarehe 5 ya mwezi wa saba, katikati ya kiangazi kirefu. Majani yalilegea mchana. Mizizi mirefu iliuokoa mmea usife, lakini maji hayakutosha kujaza mbegu. Katikati ya vichwa mlikuwa na mapepe matupu. Mbegu za ukingoni zilikuwa nyembamba, na mafuta yake kidogo. Tena mbegu zilikomaa tarehe 19 ya mwezi wa nane, wakati mashamba ya majirani yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Ndege wote wa pande zile walikusanyika katika shamba lake moja. Kwake wahenga walikuwa na methali nyingine: Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wote watatu walilima. Wote watatu walipalilia. Wote watatu walitoka jasho. Aliyepata chakula cha kutosha ni yule aliyehesabu siku.

4. Kuhesabu kwa kurudi nyuma

Mwalimu mmoja aliwaeleza wanafunzi wake habari ya wakulima hao watatu. Mtoto mmoja akainua mkono.

«Mwalimu, yule wa pili alijuaje tarehe 15 itamfaa?»

«Hakuanza na siku ya kupanda,» akajibu mwalimu. «Alianza na siku ya kuvuna. Alijiuliza: Kiangazi kinaanza lini kwetu? Mwezi wa sita. Basi ninataka kuvuna mwezi wa saba, wakati wa jua. Mbegu yangu inataka siku 110. Akarudi nyuma siku 110, akafika katikati ya mwezi wa tatu. Baba yako anapokwenda kuvua usiku, je, anaondoka saa yoyote?»

«Hapana, mwalimu. Anahesabu saa za kutega nyavu na saa za kuzitoa, ili afike ufukoni mapema wauzaji wakiwapo.»

«Vema. Naye anahesabu kwa kurudi nyuma. Mkulima anafanya vivyo hivyo, lakini mtumbwi wake unasafiri miezi minne.»

5. Tarehe moja haifai nchi zote

Mtu asije akaichukua tarehe 15 ya mwezi wa tatu na kwenda nayo kila mahali. Kanuni ni moja, tarehe ni nyingi.

Katika Singida na Dodoma mvua ni ya majira moja tu. Inaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, inaisha karibu na mwezi wa nne, nayo si nyingi. Mkulima wa huko anapanda mvua zikisha kushika, mpaka katikati ya mwezi wa kwanza. Akichelewa zaidi, ua litakutana na ukavu.

Katika Mbeya na Rukwa, kusini-magharibi ya Tanzania, mvua ni nyingi na ya muda mrefu. Huko mkulima hana haraka. Mahindi anapanda mapema, lakini alizeti anaingojesha mpaka mwezi wa kwanza au mwanzo wa mwezi wa pili, ili ikomae mvua zikiisha na vichwa visioze.

Katika Ukraine, nchi ya Ulaya inayotoa alizeti nyingi sana pamoja na jirani yake Urusi, adui wa mbegu ni baridi. Wakati wa theluji udongo ni kama jiwe. Mbegu ya alizeti haioti vizuri katika udongo wenye joto la chini ya digrii 8 hivi. Kwa hiyo wanapanda katika mwezi wa nne na wa tano, udongo ukisha kupata joto, wanavuna mwezi wa tisa kabla baridi haijarudi.

Hata ndani ya Kivu mahali hapalingani. Ziwa Eduardo liko kwenye urefu wa mita 900 na zaidi kidogo juu ya bahari. Ziwa Kivu, penye mji wa Goma, liko kwenye mita 1,460. Kwa kila mita 1,000 za kupanda mlima, joto hupungua kama digrii 6. Mmea unaopata baridi unakua polepole. Mbegu ile ile, ikipandwa siku ile ile, itakomaa mapema bondeni na kukawia mlimani. Mkulima wa milimani lazima aongeze siku katika hesabu yake.

6. Jinsi ya kuitambua siku

Kalenda inaonyesha mwezi. Siku yenyewe inaonyeshwa na mvua na udongo. Miaka mingine mvua inatangulia, mingine inakawia, na katika miaka yetu wakulima wa pande nyingi wanaona kwamba mvua imekuwa ya kugeukageuka kuliko zamani. Kwa hiyo mkulima mwenye akili anafanya haya.

Kwanza, shamba liwe tayari kabla ya mvua. Anayeanza kulima mvua inaponyesha ameisha kuchelewa.

Pili, asiamini mvua moja. Kumbikumbi wakiruka, watoto wanashangilia, na kweli mvua imefika. Lakini mkulima anangoja mvua ya pili na ya tatu, zikifuatana.

Tatu, achimbe udongo. Udongo wa juu unadanganya. Achimbe shimo la kina cha shibiri moja, achukue udongo wa chini, aufinye mkononi. Ukishikamana kama donge, maji yamefika chini. Ukimwagika kama majivu, angoje.

Nne, siku ikifika asingoje tena. Atoboe mashimo ya kina cha sentimita 3 mpaka 5, atie mbegu mbili au tatu katika kila shimo. Kati ya mistari aache sentimita 75, na kati ya shimo na shimo sentimita 30. Miche ikisha kuota, aache mmoja wenye nguvu katika kila shimo, mingine aing'oe.

Tano, apande pamoja na jirani zake. Shamba linalokomaa peke yake ni meza ya ndege. Mashamba mengi yakikomaa pamoja, ndege wanagawanyika, na hasara ya kila mtu inakuwa ndogo.

7. Mkulima aliyezuiwa kupanda

Kuna watu wanaochelewa si kwa uvivu wala kwa kusahau. Tangu miaka ya 1990 vita vimewafukuza watu wengi wa Kivu ya Kaskazini katika vijiji vyao, mara nyingi zaidi ya mara moja. Mkulima aliyekimbia katika mwezi wa tatu, hata akirudi katika mwezi wa tano na jembe begani, anakuta mlango umefungwa. Udongo upo, mikono ipo, siku imepita. Ndiyo sababu njaa inafika miezi kadhaa baada ya bunduki kunyamaza, wakati watu wengine wanadhani shida imekwisha. Hata Vitshumbi, kando ya ziwa lenye samaki, sufuria ya maharagi inakuwa nyepesi.

Mkulima wa namna hiyo afanye nini? Asitupe mbegu zake zote katika kiangazi. Apande mboga na viazi vitamu katika bonde lenye unyevu. Mbegu za maharagi, za mahindi na za alizeti azitunze kavu, katika kibuyu au katika chupa iliyozibwa vizuri, mpaka mlango wa mwezi wa tisa. Ni vigumu kutunza mbegu wakati watoto wana njaa. Kwa hiyo hapo jirani anahitajiwa. Jirani aliyevuna ampe mwenzake chakula, ili yule asile mbegu. Ampe pia siku moja ya kazi shambani, ili naye aiwahi mvua. Msaada nao una siku yake: debe moja la mbegu kabla ya mvua lina faida kuliko magunia mawili ya mbegu baada ya mvua.

8. Kazi ya Mungu na kazi ya mtu

Bwana wetu Yesu Kristo alisimulia mfano wa mpanzi. Mbegu moja ilianguka njiani, nyingine penye mawe, nyingine penye miiba, nyingine penye udongo mwema. Wasikilizaji wake waliijua kazi ya kupanda, kwa sababu wengi walikuwa wakulima na wavuvi kama watu wa Kivu.

Katika parokia nyingi padri anabariki mbegu kabla ya kupandwa. Wakristo wakulima wanamwomba pia Mtakatifu Isidori, mkulima maskini wa Madrid katika Hispania, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1622. Sikukuu yake ni tarehe 15 ya mwezi wa tano. Isidori alisali kila siku, tena alishika jembe kila siku. Hakuna mtu anayeweza kuamuru mvua inyeshe. Mungu ndiye anayeileta. Lakini kuhesabu siku, kulima mapema, kutunza mbegu na kumsaidia jirani ni kazi aliyotuachia sisi, akatupa akili ya kuifanya.

MANENO

Chavua: unga mwembamba wa maua unaobebwa na nyuki.
Mapepe: maganda ya mbegu yasiyo na kitu ndani.
Shibiri: urefu kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, mkono ukiwa wazi.
Kumbikumbi: mchwa wenye mabawa wanaoruka mvua zinapoanza.
Kupepeta: kurusha mbegu katika ungo ili takataka zitoke.

MAULIZO

1. Kwa nini hakuna mashamba Vitshumbi? Chakula cha shamba kinatoka wapi?
2. Majira ya mvua ya Kivu ya Kaskazini ni mangapi? Taja miezi yake.
3. Alizeti inataka maji zaidi wakati gani? Inataka jua wakati gani?
4. Mkulima wa kwanza alikosa nini? Wa tatu alikosa nini?
5. Kwa nini mkulima wa Mbeya anangoja, na mkulima wa Singida hangoji?
6. Mkulima amepanda alizeti ya siku 110 tarehe 10 ya mwezi wa tisa. Maua yatafunguka tarehe gani? Atavuna tarehe gani? Je, amechagua siku nzuri? Eleza sababu.
7. Kwa nini njaa inaweza kufika baada ya vita kuisha?

KAZI YA DARASA

Wanafunzi wa Vitshumbi hawawezi kufungua shamba ndani ya parki, lakini wanaweza kujifunza kwa mikebe. Tafuteni mikebe mitatu mikubwa inayolingana. Toboeni matundu madogo chini. Jazeni udongo mmoja. Leo pandeni maharagi mafupi, yasiyo ya kupanda juu ya miti, katika mkebe wa kwanza. Baada ya majuma mawili pandeni katika mkebe wa pili. Baada ya majuma mawili mengine pandeni katika mkebe wa tatu. Mwagilieni yote kwa kipimo kimoja. Majuma nane yakitimia tangu siku ya kwanza, acheni kumwagilia: hicho ndicho kiangazi chenu. Mkebe wa kwanza utakuwa na siku 56, wa pili siku 42, wa tatu siku 28.

Kila siku andikeni katika daftari mnachokiona: majani, maua, maganda. Mwishoni hesabuni mbegu za kila mkebe. Kisha kila mtoto aende nyumbani awaonyeshe wazazi hesabu hiyo, na siku ya soko amwulize mama anayeleta maharagi kutoka milimani: «Mama, mwaka huu mlipanda lini?»